KUKWEA PIPA KWA MARA YA KWANZA: TIKETI NAFUU YA ULAYA UKIANZIA LYAMKENA

Leo tuongee suala la kukwea pipa kwenda Ulaya bila kumwaga hela ovyo.

Ukikaa intaneti kafe utawaona. Kijana kafungua kurasa tano kwa mpigo, anatafuta tiketi ya bei chee huku dakika zake zinayoyoma. Mmoja kapata nafasi ya kusoma Ujerumani. Mwingine kaalikwa Italia na marafiki wa parokia. Mwingine dada yake kaolewa Uholanzi, anamwita akamsalimie. Hela ya safari ni ya mzee aliyeuza viazi, parachichi au mbao, pamoja na michango ya ukoo. Hela hiyo ikipotea haina marudio, na mwakani mzee hatakuwa na shamba jingine la kuuza.

Kwa hiyo somo la leo ni moja tu: tiketi nafuu siyo ile yenye tarakimu ndogo kuliko zote kwenye skrini. Tiketi nafuu ni ile inayokufikisha mlangoni kwa mwenyeji wako, viza ikiwa mkononi, kwa jumla ndogo kuliko zote. Tutakwenda hatua kwa hatua.

USHAURI WA MMAREKANI HAUTUFAI WOTE

Ukiuliza mtandao "nipate vipi ndege rahisi ya kwenda Ulaya", majibu mengi yameandikwa kwa ajili ya Mmarekani. Wenzetu wana historia ndefu ya hayo mambo. Miaka ya 1960 vijana wao walikuwa wanapanda ndege za Loftleiðir za Iceland, wanatoka New York wanapitia Reykjavik mpaka Luxembourg kwa nauli ya chini. Mwaka 1977 Freddie Laker akaanzisha Skytrain kati ya London na New York, ndege ya bei poa kabisa, ingawa kampuni ilifilisika mwaka 1982. Tangu zamani wamezoea kukata tiketi kwanza na kufikiria baadaye.

Mmarekani anaweza kufanya hivyo kwa sababu haombi viza kwa matembezi mafupi ya Ulaya. Akiona bei imeshuka usiku, anabonyeza. Tena sheria ya kwao inamruhusu kufuta tiketi ndani ya saa 24 akarudishiwa hela yote, ilimradi ameikata moja kwa moja kwa shirika siku saba au zaidi kabla ya safari. Sheria hiyo ni ya safari zinazogusa Marekani. Ukikata Dar es Salaam kwenda Amsterdam haikuhusu. Unabanwa na masharti ya tiketi yenyewe.

Kwa hiyo kwetu mpangilio unageuka: pasipoti, viza, tiketi, halafu safari ya kwenda Dar. Ukiruka hatua umeumia.

VIZA KABLA YA KULIPA

Nchi nyingi za Ulaya ziko kwenye kundi la Schengen, na viza moja ya muda mfupi inakuruhusu kukaa humo hadi siku 90 ndani ya siku 180. Mambo ya kushika ni haya:

1. Ada ya maombi ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ukipeleka kupitia kituo cha kupokea maombi, kuna malipo ya huduma juu yake. Ukinyimwa viza, ada hairudi.

2. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisiwe chini ya siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida ni siku 15, lakini yanaweza kusogea mpaka siku 45. Usipange safari ya wiki tatu zijazo.

3. Lazima uwe na bima ya safari inayolipia matibabu ya angalau yuro 30,000. Hiyo ni gharama, iingie kwenye bajeti.

4. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Kama huna, anza na kitambulisho cha NIDA, jaza fomu ya Uhamiaji mtandaoni, kisha peleka nyaraka ofisi ya mkoa.

5. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Ukipata ndege rahisi ya kushukia Brussels wakati mwenyeji wako yuko Milan, ombi bado linakwenda Italia.

6. Anayekwenda kusoma zaidi ya siku 90 anaomba viza ya kitaifa ya nchi husika. Masharti yake ni tofauti na muda wake mara nyingi ni mrefu zaidi.

Sasa hapa ndipo wengi wanaingia mkenge. Orodha ya nyaraka inadai mpango wa safari ya kwenda na kurudi, na kijana anasikia "leta tiketi". Anakimbia kulipa tiketi isiyorudishwa, viza inagoma, na shamba la mzee limekwenda na maji. Kinachotakiwa kwa kawaida ni uthibitisho wa nafasi iliyoshikiliwa. Wakala au shirika linaweza kukushikia nafasi kwa siku kadhaa bila kulipa nauli yote, au ukakata tiketi ambayo masharti yake yanaruhusu kurudishiwa. Soma maelekezo ya ubalozi wenyewe, maana balozi nyingi zinaonya usilipe tiketi kabla ya majibu.

Na mwingine asidanganyike na tiketi rahisi ya London. Uingereza haiko Schengen. Viza ya Uholanzi haikuingizi London, wala viza ya London haikuingizi Paris. Hata kupitia tu uwanja wa ndege wa Uingereza, Mtanzania kwa kawaida anatakiwa kuwa na viza ya kupita. Ireland nayo ina viza yake.

NDEGE ZIPI, ZINAPITA WAPI

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, abiria wa Ulaya wengi wanapita njia hizi: Ethiopian kupitia Addis Ababa, Kenya Airways kupitia Nairobi, Turkish kupitia Istanbul, Emirates kupitia Dubai, Qatar Airways kupitia Doha, EgyptAir kupitia Cairo. KLM inakupeleka Amsterdam. British Airways iliacha kuja Dar mwaka 2013.

Air Tanzania usiingojee kwa Ulaya. Disemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia kuruka kwenye anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 zuio likapanuliwa kwa mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania.

Shirika linalokupitisha nchi ya tatu mara nyingi linauza kwa bei ya chini kuliko la moja kwa moja, maana linagombea abiria wasio wake. Ukiwa na tiketi moja na ukabaki eneo la kupita pale Addis, Doha au Istanbul, kwa kawaida huhitaji viza ya huko. Lakini angalia saa za kusubiri. Saa tatu ni sawa. Saa kumi na tisa kwenye kiti cha chuma, ukinunua maji kwa dola, siyo nafuu tena.

Angalia pia viwanja vingine. Nairobi ina ndege nyingi kuliko Dar na Mtanzania anaingia Kenya bila viza, ila jumlisha nauli ya basi, malazi na uchovu. Zanzibar hupokea ndege za watalii toka Ulaya, kwa mfano Neos ya Italia na Edelweiss ya Uswisi. Ndege hizo zipo kwa ajili ya watalii, kwa hiyo mtalii anaporudi kwao kuna wakati kiti cha upande wako kinauzwa vizuri. Ingiza Zanzibar kwenye utafutaji wako, ujumlishe na nauli ya boti.

BEI INAPANGWAJE?

Ndege moja, viti vilevile vya daraja la kawaida, lakini abiria wawili waliokaa jirani wamelipa bei tofauti kabisa. Sababu ni kwamba shirika linagawa viti kwenye mafungu yenye herufi. Fungu la bei ya chini lina viti vichache na masharti magumu. Likiisha, kompyuta inapanda fungu linalofuata. Ndiyo maana uliangalia asubuhi ukaona bei fulani, jioni imepanda. Hakuna mchawi, na wala siyo kwamba Jumanne ina baraka kuliko Ijumaa. Kuna mtu kachukua kiti cha mwisho cha fungu lile.

Yanayosaidia kweli ni haya:

Msimu. Juni mwishoni hadi Agosti ni likizo za Ulaya, na Disemba ni Krismasi. Ndege zinajaa watalii na ndugu zetu wa ughaibuni, bei inapaa. Aprili na Mei, masika yetu, watalii wamepungua. Novemba nayo mara nyingi imetulia. Kama tarehe si ya lazima, sogea huko.

Siku. Jaribu kusogeza siku mbili tatu mbele na nyuma. Tovuti za kutafutia zina kalenda inayoonyesha bei ya kila siku.

Kwenda na kurudi. Usikate ya kwenda tu ukidhani ni nusu bei. Kwenye mashirika mengi ya kutoka kwetu, tiketi ya kwenda tu inakaribia bei ya kwenda na kurudi, na mwenye viza ya matembezi ataulizwa atarudije.

Mwanafunzi. Baadhi ya mashirika yana nauli ya wanafunzi yenye mzigo zaidi na nafasi ya kubadili tarehe. Uliza, usione aibu.

KUTAFUTA UKIWA KAFE

Google Flights, Skyscanner, Kayak na Momondo ni za kulinganisha bei. Nyingi zinakuonyesha tu, halafu zinakusukuma kwa muuzaji. Zitumie kujua bei ya soko, kisha fungua tovuti ya shirika lenyewe uone kama wanauza karibu na hapo. Tofauti ikiwa ndogo, kata kwa shirika. Ndege ikibadilishwa saa, unaongea na mwenye ndege badala ya kutafuta kampuni ya mtandaoni isiyopokea simu.

Jihadhari na safari iliyounganishwa kwa tiketi mbili tofauti. Inaonekana rahisi, lakini ukifika kituo cha kati inabidi utoke, uchukue begi, ujiandikishe upya. Maana yake unaweza kuhitaji viza ya nchi ile, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji wala hairudishi hela.

Na hili la kafe lenyewe: kompyuta hiyo inatumiwa na kila mtu. Usiruhusu ikumbuke namba ya kadi yako. Ukipakia picha ya pasipoti, ifute na kwenye pipa la taka pia. Toka kwenye barua pepe kabla ya kuinuka. Malipo yenyewe ni bora uyafanye kwa simu yako, au kwa wakala mwenye ofisi inayojulikana na anayetoa risiti.

HESABU YA MFANO

Bei hizi ni za kubuni ili uone njia ya kupiga hesabu.

Tiketi ya kwanza: sh. 1,850,000. Haina begi la kupakia, begi kwenda na kurudi ni sh. 360,000. Unalala njiani, chakula na malazi sh. 150,000. Inashukia uwanja wa mbali, basi mpaka kwa mwenyeji na kurudi sh. 90,000. Jumla sh. 2,450,000.

Tiketi ya pili: sh. 2,200,000. Begi limo, tiketi ni moja, inashukia mji wa mwenyeji, usafiri wa mjini sh. 30,000. Jumla sh. 2,230,000.

Ile "rahisi" imekuzidishia sh. 220,000. Piga hesabu hii kwenye daftari kabla ya kubonyeza popote.

TIKETI AU KARATASI TU?

Utapeli mkubwa uko hapa, kwa hiyo soma mara mbili.

Tiketi za karatasi za zamani ziliondolewa na mashirika ya IATA mwaka 2008. Leo tiketi ni rekodi kwenye kompyuta. Ukishikiwa nafasi unapewa alama sita za herufi na namba. Hizo zinaonyesha nafasi ipo, hazionyeshi kwamba imelipiwa. Tapeli anakushikia nafasi, anakuchapishia karatasi nzuri yenye nembo, anachukua mshiko wako. Baada ya siku chache nafasi inafutika yenyewe. Wewe unakuja kugundua uwanjani, na begi lako la nguo za baridi.

Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: KLM 074, Ethiopian 071, Emirates 176, Qatar 157, Turkish 235, Kenya Airways 706. Ukishalipa, dai namba hiyo. Kisha ingia mwenyewe tovuti ya shirika, sehemu ya kusimamia safari, weka alama sita na jina la ukoo. Kama haionyeshi tiketi imetolewa, rudi kwa wakala siku hiyohiyo, usingoje wiki.

Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mtaani unaitwa kwa jina la utani, shuleni majina mawili, pasipoti matatu. Shirika linafuata pasipoti. Kurekebisha jina baadaye kunaweza kugharimu, na tiketi nyingine hazirekebishiki.

MAKAMBAKO MPAKA DAR

Watu wanahesabu Dar mpaka Ulaya, wanasahau kwamba Lyamkena mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 600. Basi linapita Mafinga, Iringa, mlima Kitonga, hifadhi ya Mikumi, Morogoro, Chalinze, ndipo stendi ya Magufuli pale Mbezi. Lori moja likilala Kitonga, siku imekwisha. Kutoka Morogoro unaweza kupanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ukakwepa foleni ya Chalinze na Kibaha. TAZARA ni yetu na stesheni tunayo Makambako, lakini kwa kuwahi ndege usiiwekee dhamana.

Wenye uwezo wapo wanaotumia uwanja wa Songwe, upande wa Mbeya, uliofunguliwa mwaka 2012. Ni sawa, ila kama tiketi ya ndani na ya nje ni mbili tofauti, ucheleweshaji ni juu yako.

Kanuni: fika Dar siku moja kabla, ulale kwa ndugu. Uwe uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuruka. Nauli ya basi na ya kulala iingie kwenye ile hesabu ya daftari.

MZIGO WA NYUMBANI

Ukienda Ulaya mama atataka ubebe zawadi. Mwambie taratibu. Umoja wa Ulaya unakataza abiria kutoka nje kuingia na nyama na maziwa, hata nyama iliyokaushwa. Tangu Disemba 2019 matunda na mboga mbichi karibu zote zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni mananasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Parachichi la Njombe halimo. Viazi havimo kabisa. Beba chai, kanga na kikapu, utapokelewa vizuri.

Mapokezi ya mpakani nayo yamebadilika. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha za wageni mpakani. Ukiwa unaunganisha ndege ndani ya Schengen, kwa mfano Amsterdam kwenda Milan, ukaguzi unafanyika Amsterdam. Acha nafasi ya saa za kutosha hapo.

KWA KUMALIZIA

Kabla hujalipa, jiulize maswali haya: Viza ninayo? Jina ni la pasipoti? Begi limo? Tiketi ni moja au mbili? Inashukia wapi na saa ngapi? Nikibadili tarehe nakatwa kiasi gani? Namba ya tarakimu 13 nitaipata lini? Ukiwa na majibu yote, lipa kwa amani.

Ukishafika, ukisikia baridi usitulaumu, maana aliyezoea upepo wa Makambako wa Juni ana mafunzo ya kutosha. Mpigie simu mzee kwanza, yeye ndiye aliyekupeleka.

Mliokwisha safiri, tupeni uzoefu wenu hapo chini ili wadogo zetu wasipigwe. Kazi kwenu.